Kabla ya kusema presha, hesabu mapigo

Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja kuhusu moyo. Huku kwetu Unguja na Pemba, na katika magazeti pia, kila kinachoupata moyo kimeshapewa jina moja tu: presha. Aliyepokea simu ya msiba akaanguka ana presha. Mjamzito anayehema akipanda ngazi ana presha. Kijana aliyekunywa makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu usiku wa mpira, moyo ukamdunda mpaka alfajiri, naye ana presha. Mgonjwa akifika kituo cha afya na neno hilo peke yake hupimwa presha, ikisoma 120 kwa 80 huambiwa ni mzima, na hurudi nyumbani na ugonjwa wake vilevile.

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Mapigo ni idadi na mwendo wa moyo wenyewe. Mtu anaweza kuwa na presha nzuri na mapigo 160, na jirani yake akawa na presha 190 kwa 110 na mapigo 70 yaliyotulia, hahisi chochote. Huyo wa pili naye ni wa kumkimbiza, kwa sababu presha ya kupanda aghalabu haina dalili. Wanaoisubiri iwaumize kichwa ndipo wameze dawa wanasubiri kiharusi.

Mashine za kupimia nyumbani zinazouzwa Darajani na Chake Chake huonyesha namba tatu. Mbili za juu ni presha. Ya tatu, chini kabisa, mara nyingi ikiwa na alama ya kopa pembeni, ni mapigo kwa dakika. Wapo wanaoisoma hiyo ya tatu kama "presha ya chini", wakafurahi au wakafadhaika bure. Tena mapigo yakiwa hayana mpangilio mashine hubabaika: inatoa 138 sasa hivi, na 112 baada ya dakika mbili. Si kwamba ni mbovu. Pima mara tatu, chukua wastani, kisha iache mezani na utumie vidole.

Kuhesabu kwa vidole hakuna gharama na mtoto wa darasa la tano anaweza. Mgonjwa akae kitako dakika tano, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Mgeuze kiganja juu. Fuata kidole gumba kushuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hapo, baina ya mfupa wa upande wa gumba na ule mshipa mgumu unaosimama mtu akikunja ngumi, pana kijishimo. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati. Usitumie gumba, maana lina mshipa wake unaopiga, na utajikuta unahesabu mapigo yako kwa jina la mgonjwa. Usikandamize: ukikandamiza unaufunga mshipa na mapigo yanapotea. Tazama saa yenye mshale wa sekunde. Yakienda sawasawa, hesabu sekunde 30 uzidishe kwa mbili. Yakipishana, hesabu dakika nzima. Shingoni pia yanapatikana, lakini usibonye pande zote mbili kwa pamoja, na kwa mzee ni bora kuacha kabisa, kwa sababu kubonya hapo kunaweza kuushusha mwendo wa moyo ghafla akazirai. Mtoto mchanga mtafute upande wa ndani wa mkono, baina ya kwapa na kiwiko.

Mtu mzima aliyepumzika huwa baina ya 60 na 100. Mcheza mpira au mvuvi aliyezoea kasia anaweza kuwa na 50 na akawa mzima kabisa. Mtoto wa skuli ya msingi ni 75 hadi 118, na kichanga 110 hadi 160, kwa hiyo mama asishtuke akiweka sikio kifuani mwa mwanawe akasikia moyo unakimbia. Homa huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ujauzito huongeza 10 hadi 20.

Baada ya namba yanakuja maneno, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko fomu za hospitali. Wazee wetu wana kiherehere, jakamoyo, fazaa, kihoro, roho juu. Wanasema moyo umeruka, moyo unakwenda mbio, moyo unanipiga kwa kishindo. Maneno haya tunayatumia kwa mapenzi, kwa hofu ya mtihani, kwa kusubiri boti iliyochelewa, na kwa sababu hiyo watu huona haya kuyapeleka kwa daktari. Wanayaacha mlangoni na kuingia na "presha". Tunawasihi waingie nayo.

Chukua anayesema moyo umeruka, au umekosa pigo moja. Kwa hakika haujakosa. Pigo moja limewahi kabla ya wakati wake, moyo ukiwa haujajaa damu, kwa hiyo likafika mkononi dhaifu au lisifike kabisa. Moyo unatulia kidogo zaidi ya kawaida, unajaa, na pigo linalofuata linakuja na nguvu ya mapigo mawili: pu! kifuani au kooni. Hicho kishindo ndicho mtu anachokisikia na ndicho kinachomtisha, ilhali ni pigo zima. Wengi wenye mioyo salama hupata hali hii, hasa wasiolala vya kutosha, wanywaji wa kahawa chungu vikombe kwa vikombe barazani, na watafunaji wa tambuu, kwani popoo nayo huamsha moyo. Hata kungumanga ikizidishwa kwenye uji inafanya hivyo, na hili wanaoisifia kwa mengine huwa hawalisemi. Punguza hayo wiki mbili uone. Lakini ikiwa kuruka huko kunakuja na kuzirai, au kunazidi mtu anapofanya kazi badala ya kupungua, au katika ukoo wake kuna kijana aliyekufa ghafla, hilo si la kupunguza kahawa, apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo kinachochorwa kwenye karatasi.

Anayesema moyo unakwenda mbio aulizwe kwanza ulianzaje na ulimalizikaje. Ukipanda polepole na kushuka polepole, 110, 120, basi moyo wenyewe mara nyingi hauna kosa, unaitikia jambo jingine. Tafuta homa. Tafuta upungufu wa damu: vuta kope la chini utazame kama ndani kumepauka, uliza hedhi nzito, uliza minyoo, maana safura haijatuhama. Damu ikiwa pungufu, moyo hulazimika kuizungusha haraka zaidi ili kila kiungo kipate hewa, na dawa ya kuupunguza mwendo hapo ni kumnyang'anya mgonjwa njia yake ya kuishi. Tafuta rovu: mtu anakonda huku anakula, anatoka jasho wenziwe wakijifunika, vidole vinatetemeka akinyoosha mikono. Uliza dawa ya pumu ya kuvuta, kwani salbutamo huukimbiza moyo. Na mwezi wa Ramadhani, mgonjwa wa kisukari ambaye moyo unamdunda mchana huku anatetemeka na kutoka jasho jembamba apime sukari papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue, asingoje magharibi. Akiwa hana kipimo, afungue pia.

Wapo ambao moyo wao huwaka na kuzima kama taa. Alikuwa anafua, ghafla mapigo yako 180, sawasawa kabisa, hayahesabiki kwa vidole. Baada ya dakika ishirini yanakatika kwa mara moja na anajisikia kama hakuna lililotokea. Mara nyingi ni vijana, mara nyingi ni wanawake, na mara nyingi wameshaambiwa wana wasiwasi, au shetani. Hatubishani na mtu na dua yake; kombe haliharibu kipimo, kinachoharibu ni kuchelewa. Huu ni ugonjwa wa njia za umeme wa moyo: ishara inayoanzia juu upande wa kulia imepata njia ya mzunguko na inajizungusha humo. Hospitali, kabla ya sindano, mgonjwa aliyekaa nusu kulala hupewa bomba tupu la sindano la mililita 10, akapuliza kwenye ncha yake sekunde 15 kwa nguvu ya kukisogeza kijiti kidogo tu, kisha analazwa chali upesi na miguu inanyanyuliwa nyuzi 45 kwa sekunde 15 nyingine. Takriban wagonjwa wanne katika kumi hurudi mwendo wa kawaida kwa njia hii peke yake. Kosa linalofanyika ni kumwacha amekaa baada ya kupuliza. Kulazwa kwa haraka na miguu juu ndiko kunakoleta tofauti. Na ikiwezekana ECG ipigwe moyo ukiwa bado unakimbia, kwani ukishatulia karatasi inaweza kutoka safi na mgonjwa akaonekana mwongo.

Wa hatari zaidi ni yule anayesema moyo unapiga ovyo. Shika mkono wake: mawili ya haraka, moja limechelewa, matatu dhaifu, na hakuna mpangilio wowote unaojirudia. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza, damu inatuama pembeni, inaganda, na donge likiondoka linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Hali hii huzidisha hatari ya kiharusi takriban mara tano. Kwa mtu huyu mkono unadanganya. Watu wawili watazame saa moja, mmoja na kipimo cha masikio kifuani, mwingine na vidole mkononi, waanze na wamalize pamoja: kifuani 130, mkononi 98. Yale 32 yaliyopotea ni mapigo yaliyokuwa dhaifu mno kufika mkononi. Muuguzi akiandika 98 kutoka kwenye mashine, mgonjwa anaonekana yuko ndani ya kiwango na anaruhusiwa kwenda zake.

Huku kwetu asili ya hali hii kwa vijana mara nyingi ni koo. Mtoto anapata mafindofindo, anapewa kijiko cha asali, yanapoa. Wiki mbili tatu baadaye anapata homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Viungo vitapona, lakini vilango vya moyo vinaweza kubaki na makovu, na homa ikijirudia makovu yanazidi. Asiyetibiwa anaweza kukaa miaka bila kujua. Msichana akashika mimba, damu mwilini ikaongezeka, na mwezi wa sita au wa saba akaanza kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Wanaomzunguka watasema ni uzito wa mimba. Kinga yake ni penisilini: kwanza kutibu koo ipasavyo, na kwa aliyekwisha kupata homa hiyo, sindano ya benzathini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Wazazi huiacha mtoto akionekana mzima, na hapo ndipo homa inaporudi. Aliyeharibika kilango hupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na akihitaji zaidi, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam. Ni safari ndefu kwa jambo lililoanzia kooni.

Mapigo ya polepole, chini ya 50 pamoja na kizunguzungu au kuzimia, hayangoji. Wanaotumia digoksini, dawa ya moyo, wahesabu kabla ya kumeza. Wakikuta chini ya 60, au wakianza kupata kichefuchefu na kuona vitu vya manjano, wasimeze, waende hospitali siku hiyo hiyo. Na vidonge vya kupunguza mapigo, kina atenolo na propranolo, haviazimwi kwa jirani. Ukimpa mwenye pumu unaweza kumfunga kifua. Ukimpa aliyetoka damu nyingi unaondoa kitu pekee kinachomweka hai. Wala mwenye kuvitumia asivikate ghafla, mapigo na presha hurejea kwa nguvu kuliko mwanzo. Wachuma karafuu wanaovitumia wamwulize daktari kabla ya msimu: kuzirai chini ni jambo moja, na juu ya mkarafuu ni jingine.

Kwa wakunga kuna la kusema fupi. Mapigo ya mtoto tumboni ni 110 hadi 160. Unapoweka pembe ya Pinard tumboni, sikio likishaigusa ondoa mkono kwenye pembe, na kwa mkono huo shika kifundo cha mama. Mama mwenye uchungu na homa anaweza kuwa na mapigo 120, na sauti ya mshipa wake ikasikika tumboni. Asiyeshika mkono ataandika mtoto yuko salama kumbe alichosikia ni mama. Sikiliza dakika nzima, mara tu baada ya uchungu kupita, kwa sababu mtoto anayechoka hujionyesha hapo.

Tuje kwenye kihoro. Watu husema fulani amekufa kwa kihoro, na wasomi hucheka. Wasicheke. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliandika kuhusu wagonjwa waliokuja na kila dalili ya moyo kuziba mshipa, maumivu ya kifua, pumzi fupi, ECG imebadilika, lakini mishipa yao ilipotazamwa ilikuwa wazi. Chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kimevimba chini na kubaki na shingo nyembamba juu, mfano wa chungu wanachotumia wavuvi wa kwao kumtegea pweza, na ugonjwa ukaitwa kwa jina la chungu hicho, takotsubo. Huku kwetu pweza huchomwa mwambani maji yakitoka, hatuna chungu hicho, lakini ugonjwa tunao. Takriban tisa katika kumi ya wanaoupata ni wanawake, wengi wameshakoma hedhi, na mara nyingi umetanguliwa na mshtuko mkubwa: kifo, ugomvi, hofu. Homoni za mshtuko humwagika kwa wingi na kuilemaza misuli ya moyo kwa muda. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wachache hufa, hasa siku za mwanzo, kwa mapigo kuvurugika au moyo kushindwa kusukuma damu.

Hili lina maana msibani. Mjane anayeshika kifua na kukosa pumzi siku ya mazishi asitulizwe kwa maji ya sukari na maneno ya kumwambia avumilie. Apelekwe, kwa kuwa hakuna awezaye kujua kwa macho kama ni kihoro au ni mshipa ulioziba, na mpaka ithibitike huhesabiwa ni mshipa. Eda haimzuii. Matibabu ni dharura, na hata katika siku za eda mwenye kuumwa hutoka kwenda hospitali.

Sasa la kwenu, Mhariri. Magazeti yanaandika "mshtuko wa moyo" kwa kila kifo cha ghafla, na hapo mambo mawili yanachanganywa. Mshipa wa moyo ukiziba, moyo kwa kawaida bado unapiga na mgonjwa anazungumza: kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto au taya, jasho linamtoka. Huyo, kama aspirini haimdhuru na hatoki damu, atafune miligramu 300 na akimbizwe. Moyo ukisimama, mtu hana fahamu na hapumui, au anatweta mara moja moja kama samaki nje ya maji, na hapo hakuna cha kumpa. Asiye mtaalamu asipoteze muda kutafuta mapigo, kwani wengi hukosea kwa haraka na hofu. Tazama pumzi kwa sekunde 10 tu. Hapumui, bonya katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kabisa kabla ya kubonya tena. Wanaojua kutoa pumzi watoe mbili kila baada ya mibonyo 30. Aliyezama baharini anaanziwa na pumzi, mbili hadi tano, ndipo kifua, kwa kuwa moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Kumbinua kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke ni kupoteza dakika, na kilichomo tumboni huishia mapafuni.

Tunaomba mambo mawili. Mwandishi anapoandika kifo cha ghafla na hospitali haijatoa sababu, aandike "alifariki ghafla" aishie hapo. Na mkiweza, chapisheni kwenye kona moja ya ukurasa namba hizi za mapigo kwa umri na namna ya kushika mkono, kwa herufi kubwa, ili walimu wa skuli wakate wabandike karibu na saa ya ukutani. Saa iwe na mshale wa sekunde. Nyingi zilizoko madarasani betri zimekwisha.

Ni sisi,
Wauguzi na wakunga,
Chake Chake, Pemba